Nusu Isiyohesabiwa ya Mafunzo ya Fundi wa Laini za Umeme

Kijana anayeuliza afanye nini ili awe fundi wa laini za umeme kwa kawaida hujibiwa habari za chuo: kozi ipi, muda gani, ada kiasi gani, na cheti gani hutolewa mwishoni. Majibu hayo si ya uongo, lakini yanahusu sehemu fupi ya safari. Kozi ya msingi ya kazi hii yaweza kumalizika kwa wiki au miezi michache, ilhali pale ambapo fani inasimamiwa kwa umakini mtu hahesabiwi kuwa fundi kamili mpaka awe amefanya kazi miaka mitatu hadi minne akiangaliwa na fundi aliyemtangulia. Nchini Marekani, kwa mfano, programu nyingi za uanagenzi wa fani hii, yaani kujifunza kazi chini ya fundi huku ukiwa umeajiriwa, hudai takriban saa 7,000 za kazi ya vitendo, na masomo ya darasani juu yake. Hoja ya makala haya ni kwamba saa hizo za kuangaliwa ndizo mafunzo yenyewe, na kozi ni utangulizi wake tu. Na kwamba ndizo zinazopuuzwa na karibu kila mhusika, kwa kuwa mwanafunzi haziulizii, chuo hakizifuatilii, na mwajiri huziona kuwa ni nguvukazi ya bei nafuu.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka ishirini iliyopita. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba, ili nchi zifikie malengo zilizojiwekea ya nishati na tabianchi, dunia italazimika kujenga au kukarabati zaidi ya kilomita milioni 80 za njia za umeme kufikia mwaka 2040, urefu unaolingana na gridi yote iliyopo leo. Njia hizo zinahitaji watu wa kusimika nguzo, kuvuta nyaya, kufunga transfoma na kurudisha umeme baada ya dhoruba, na watu hao hawapatikani kwa kuagizwa kiwandani. Mahitaji yanapoizidi idadi ya mafundi, jambo la kwanza kukatwa huwa muda wa mafunzo, kwa sababu halionekani kwenye picha ya uzinduzi wa mradi. Nguzo ikikosekana kila mtu huiona. Saa elfu mbili za usimamizi zikikosekana, hakuna anayezikumbuka mpaka ajali itokee, na hata hapo taarifa ya ajali huandika kwamba marehemu alikiuka taratibu.

Kuna mambo ambayo darasa na uwanja wa mazoezi huyafundisha vizuri, na haifai kuyadharau. Kupanda nguzo kwa mkanda na vyuma vya miguuni, kufunga mafundo, kutambua sehemu za laini kuanzia kikombe (kihami kinachoshika waya juu ya nguzo) hadi waya wa stei (unaoivuta nguzo isiiname), kusoma mchoro wa njia, kutofautisha msongo mdogo wa volti 230 na 400 na msongo wa kilovoti 11 au 33: yote haya hufundishika kwa muda mfupi, na kupanda nguzo kuna faida ya ziada ya kuwachuja mapema wale ambao miili au nyoyo zao hazikubali urefu. Hesabu nazo zina nafasi yake, ingawa wanafunzi wengi huja wakidhani kwamba wamezikimbia. Kanuni inayotumika sana katika kusimika nguzo za mti husema nguzo izikwe asilimia 10 ya urefu wake na sentimita 60 zaidi, kwa hiyo nguzo ya mita 12 inahitaji shimo la mita 1.8. Mlegeo wa waya kati ya nguzo mbili huongezeka kwa mraba wa umbali wake, maana yake ni kwamba umbali ukiwa maradufu na mvuto ukabaki uleule, mlegeo huwa mara nne. Alumini hurefuka kwa joto, hivyo waya uliovutwa bila kuzingatia hali ya hewa ya saa hiyo ama utalegea mno siku ya jua kali, ama utakazana usiku wa baridi na kuzielemea nguzo za kona. Mtu asiyeelewa hesabu hizi huishia kuwa mtekelezaji wa maagizo, na siku agizo likiwa na kosa hana njia ya kuligundua.

Mpaka wa darasa, hata hivyo, hufikiwa upesi. Chukua jambo dogo la kukagua nguzo ya mti kabla ya kuipanda. Kitabu kitaeleza kwamba igongwe kwa nyundo kuizunguka, kuanzia karibu na ardhi kwenda juu. Nguzo nzima hutoa mlio mkavu na nyundo hurudi mkononi kwa nguvu, nguzo iliyooza ndani hutoa mlio mzito uliofifia. Kisha ichomwe kwa bisibisi usawa wa ardhi na chini yake kidogo, kwa kuwa hapo ndipo unyevu na hewa hukutana na uozo hupata makazi. Maelezo hayo ni sahihi na kwenye karatasi hayana upungufu. Sikio la kuitofautisha milio hiyo miwili, lakini, hupatikana kwa kugonga nguzo nyingi mbele ya mtu aliyekwisha kugonga nyingi zaidi, ambaye atasema "hii usiipande" pale ambapo mwanafunzi hakusikia tofauti yoyote.

Kuhusu umeme wenyewe, darasa lina kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kumwondolea mwanafunzi dhana kwamba ujasiri, nguvu au wepesi wa mkono vitamwokoa. Charles Dalziel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alifanya majaribio na watu wa kujitolea katikati ya karne ya 20 ili kujua ni mkondo kiasi gani unaoweza kumpita mtu na bado akaweza kukiachia alichokishika. Kwa mkondo wa kawaida wa gridi, wastani ulikuwa takriban miliampia 16 kwa wanaume na miliampia 10.5 kwa wanawake. Ukizidi hapo, misuli ya mkono hukaza na vidole hujifunga juu ya waya uleule ambao mtu anataka kuukimbia, na mkondo wa makumi kadhaa ya miliampia ukipita kifuani waweza kuuvuruga moyo ukaacha kusukuma damu. Sasa chukua mwili wenye ukinzani wa omu 1,000, kadirio linalotumika sana katika hesabu za usalama, uuguseshe volti 230: utapitisha miliampia 230. Hapo tumezungumzia waya wa nyumbani, hatujafika kwenye kilovoti 11. (Wanaotumia tofauti ya takwimu za wanaume na wanawake kuhoji iwapo mwanamke anafaa kwa kazi hii wamesoma somo lisilokuwepo, kwa sababu tarakimu zote mbili humezwa zaidi ya mara kumi na msongo mdogo kabisa wa laini, na kazi hii haifanywi kwa kutegemea uwezo wa kuachia waya.)

Ningependa tukae zaidi kwenye laini iliyozimwa, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Mtu wa nje hudhani kwamba hatari ya kazi hii iko kwenye laini yenye umeme. Fundi anayefanya kazi kwenye laini yenye umeme anajua ina umeme; amevaa glavu zake, ameshika fimbo ya kuhami, amefunika nyaya za jirani, na wenzake wote wako macho. Laini inayosemekana kuwa imezimwa ndiyo humfanya mtu avue glavu. Kwa sababu hiyo taratibu za usalama katika nchi nyingi zimejengwa juu ya hatua zinazofanana: kuitenga laini na kila chanzo chake, kufunga swichi kwa kufuli ili asije mtu mwingine akaiwasha, kupima kwa kifaa kuthibitisha kwamba umeme haupo, kuunganisha nyaya zote kwa pamoja na kuzifunga ethi, yaani waya unaoziunganisha na ardhi, na mwisho kukinga sehemu zilizo karibu ambazo bado zina umeme. Hata kifaa cha kupimia kinapaswa kujaribiwa kwenye chanzo kinachojulikana kabla ya kipimo na baada yake, kwa kuwa kifaa kibovu na laini isiyo na umeme hutoa jibu lilelile la ukimya.

Kwa nini hatua zote hizo, ikiwa kituo cha kupoza umeme kimekwisha kusema laini imezimwa? Kwa sababu umeme una njia nyingi za kurudi. Jenereta ndogo ya nyumbani iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia hupeleka volti 230 kwenye upande mdogo wa transfoma, na transfoma, ambayo haichagui mwelekeo, huzipandisha hadi volti 11,000 kwenye waya alioushika fundi. Mitambo ya jua iliyofungwa kwa viwango hujizima gridi inapokatika, lakini fundi aliye juu ya nguzo hana namna ya kujua kama kila mtambo wa eneo hilo ulifungwa kwa viwango. Laini nyingine inayopita sambamba na hiyo iliyozimwa huweza kuamsha ndani yake msongo wa kutosha kumdhuru mtu bila waya kugusana popote. Radi inayopiga mbali na eneo la kazi nayo husafiri. Na juu ya yote kuna makosa ya binadamu, kama vile namba ya nguzo iliyoandikwa vibaya kwenye kibali cha kazi, au laini mbili zinazofanana kwenye mkuza mmoja (ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya laini), ambapo iliyozimwa ni moja na iliyopandwa ni nyingine.

Hata ufungaji wa ethi una undani ambao kozi fupi huugusa juujuu. Wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kwamba laini yenye ethi ni laini salama, popote ethi hiyo ilipofungwa. Kumbe ethi iliyofungwa nguzo kadhaa mbali na mfanyakazi huweza kuifanya swichi ya kituoni ikate haraka laini ikiwashwa kwa bahati mbaya, na bado katika muda huo mfupi kukawa na tofauti ya msongo kati ya waya alioushika na nguzo aliyoikanyaga. Ndiyo maana mafunzo bora hufundisha kuziunganisha nyaya na nguzo yenyewe mahali pa kazi, ili kila kitu ambacho mwili wa fundi unakigusa kiwe na msongo mmoja. Kuielewa kanuni hiyo huchukua saa moja. Kuiona kwenye nguzo za zege, za chuma na za mti, kwenye ardhi kavu na ardhi yenye maji, kwenye kona na kwenye tawi la laini, huchukua miaka.

Hapa ndipo tunapofikia sifa ya kazi hii ambayo, kwa maoni yangu, haizungumzwi vya kutosha. Katika fani nyingi kosa hujitokeza lenyewe na kumfundisha aliyelifanya. Seremala akikata ubao mfupi, mlango hautafunga. Fundi bomba akiacha ungio legevu, maji yatamwagika siku hiyohiyo. Kwenye laini za umeme mambo huenda kinyume, kwa sababu mtu anayeruka hatua ya kupima hulipwa kwa kuiruka. Kazi yake humalizika mapema, msimamizi hufurahi, wateja hurudishiwa umeme, na laini aliyoidhani haina umeme kweli haikuwa nao. Hufanya hivyo mara ya pili, ya kumi, ya mia, na kila mara ushahidi wa macho yake humwambia kwamba hatua ile ni urasimu. Uzoefu wake unaongezeka na wakati huohuo unamfundisha vibaya.

Kutokana na hilo, miaka kazini peke yake si kipimo cha ustadi. Fundi mwenye miaka kumi aliyejifunza peke yake anaweza kuwa na miaka kumi ya kuzoea hatari, na mara nyingi yeye ndiye huwacheka vijana wanaokumbuka taratibu za darasani. Kinachoweza kulirekebisha fundisho hilo la uongo linalotoka kwenye kazi yenyewe ni mtu mwingine aliyesimama pale, ambaye kazi yake ni kuona hatua iliyorukwa siku ambayo haikuleta madhara yoyote, na kuihesabu kuwa kosa kamili. Saa 7,000 zikiwa na mtu huyo ni mafunzo. Bila yeye, ni muda tu uliopita.

Historia ya fani hii inaunga mkono jambo hilo. Mwaka 1891, huko St. Louis, mafundi wa umeme wa Marekani walikutana na kuunda chama ambacho baadaye kilikuja kuwa Udugu wa Kimataifa wa Wafanyakazi wa Umeme. Wakati huo hapakuwa na uanagenzi wenye mpangilio wala kanuni za usalama za kueleweka. Watu walipewa mkanda na kupandishwa. Rais wa kwanza wa chama hicho, Henry Miller, alikuwa mwenyewe fundi wa laini, mtu aliyezunguka mji hadi mji akifanya kazi hiyo na kuwashawishi wenzake wajiunge. Alikufa mwaka 1896 mjini Washington, akiwa kazini, baada ya kupigwa na umeme na kuanguka. Huwezi kusema kwamba Miller hakuijua kazi. Kizazi kilichomfuata kilidai mambo ambayo ustadi wa mtu mmoja hauwezi kuyaziba: uanagenzi wa miaka, kanuni zilizoandikwa, na haki ya mfanyakazi kutopandishwa peke yake.

Tatizo ni kwamba nusu hii ya mafunzo hukabidhiwa mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kufundisha. Mkufunzi wa chuo hupimwa, hukaguliwa, na pengine huwa na cheti cha ualimu wa ufundi. Fundi anayepewa mwanagenzi kazini huchaguliwa kwa sababu alikuwa na nafasi kwenye gari. Hulipwa kwa idadi ya nguzo zilizosimikwa au wateja waliounganishwa, na kila dakika anayoitumia kueleza kwa nini swichi ile inafungwa kufuli ni dakika inayopunguza kazi yake ya siku. Si ajabu basi kwamba mafunzo ya kazini huelekea kuharibika kwa namna mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, mwanagenzi huachwa chini mwaka mzima akichimba mashimo na kuvuta kamba, akawa hodari wa sululu asiyejua chochote cha juu. Kwa upande mwingine, siku wafanyakazi wanapopungua, mwanagenzi huyohuyo hupandishwa kwenye kazi ya msongo mkubwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa ana umbo zuri na hana woga.

Kazi ya chini nayo ina elimu yake, na ni vyema mwanzo uwe huko. Aliye chini ndiye anayeiona kazi nzima kwa wakati mmoja, anayejua ni zana gani itahitajika dakika tano zijazo, na anayeweza kumzuia mwenzake kabla hajausogelea waya wa jirani. Ubaya unakuja pale ambapo hakuna anayeandika. Daftari la kazi la mwanagenzi lililotunzwa kwa uaminifu lingeonyesha kwamba ametumia saa fulani kwenye nguzo na saa fulani kwenye transfoma, amezima na kuwasha laini mara kadhaa akiwa na msimamizi, amefanya kazi usiku na wakati wa mvua, na ameshiriki kurekebisha uharibifu wa dhoruba. Daftari nyingi ninazozifahamu hujazwa Ijumaa jioni kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, saa nane kila siku, "matengenezo ya laini" kila mstari. Daftari la namna hiyo halimwambii mtahini kitu, na linamdhulumu mwenye daftari kuliko mtu mwingine yeyote.

Uokoaji ni mahali pengine ambapo pengo huonekana wazi. Mtu aliyepigwa na umeme juu ya nguzo na moyo wake ukasimama ana dakika nne hadi sita kabla ubongo haujaanza kuharibika kwa kukosa hewa. Ndani ya muda huo mwenzake anapaswa kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe hatapigwa, kupanda, kufunga kamba, kumkata mkanda, kumshusha na kuanza kumkandamiza kifua. Hakuna gari la wagonjwa linaloingia kwenye hesabu hiyo. Kanuni za Marekani hudai kwamba kwenye kazi za nje zinazohusu laini zenye umeme, ikiwa eneo la kazi lina watu wawili au zaidi, wasipungue wawili waliofunzwa huduma ya kwanza na kuushtua moyo kwa mikono. Mantiki yake ni nyepesi, maana akiwa mmoja tu na akawa ndiye aliyepigwa, mafunzo hayo yametundikwa naye juu ya nguzo. Zoezi la kushusha sanamu yenye uzito wa mtu mzima lapaswa kurudiwa kila mwaka maisha yote ya kazi, kwa kuwa mikono husahau, na umri huongezeka pamoja na uzito wa wenzetu. Programu ambayo mwanafunzi wake ameshusha sanamu mara moja, siku ya picha, imempa kumbukumbu tu.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Glavu za mpira za fundi wa laini zimepangwa kwa madaraja, kuanzia zile za volti 500 hadi zile za volti 36,000, na daraja la chini halifanyi kazi ya daraja la juu hata kama zinafanana kwa macho. Huvaliwa glavu za ngozi juu yake ili zisichomwe, hujazwa hewa na kukaguliwa kabla ya kila matumizi, na kwa utaratibu unaofuatwa na wengi hupelekwa maabara kupimwa kwa umeme kila baada ya miezi sita. Nguo zisiwe za nailoni wala poliesta, maana mlipuko wa umeme huziyeyusha zikagandamana na ngozi. Mwanagenzi anayeazimwa glavu za mtu mwingine, zisizo na tarehe ya kipimo, tayari ameshafundishwa jambo fulani kuhusu thamani ya taratibu, na somo hilo litadumu kuliko la darasani.

Nayajua mapingamizi. La kwanza, ambalo ndilo lenye uzito, ni kwamba mafunzo ya miaka minne huwafungia mlango vijana wasio na uwezo wa kusubiri kipato kwa muda huo. Jibu lake limo ndani ya uanagenzi wenyewe ukifanywa inavyostahili, kwa kuwa mwanagenzi ni mwajiriwa. Katika mifumo iliyokomaa huanza kwa mshahara unaozidi nusu ya ule wa fundi kamili, na hupanda kwa hatua kila anapotimiza saa na mitihani yake. Kinachomwumiza kijana ni kozi ndefu ya kulipia isiyo na kazi mwishoni, au "mafunzo kwa vitendo" yasiyo na mshahara wala msimamizi. Muda wa uanagenzi hauna hatia hapo. Pingamizi la pili husema kwamba vifaa vya kuigiza mazingira ya kazi kwa kompyuta vitafupisha safari. Kwa kiasi fulani ni kweli, hasa kwa mazoezi ya kuzima na kuwasha laini, ambapo mwanafunzi anaweza kukosea mara hamsini bila kumuua mtu, na hivyo kupata kwa usalama lile fundisho la kosa ambalo kazi halisi hulificha. Vifaa hivyo, hata hivyo, havina upepo, havina usingizi wa saa tisa za usiku, wala msimamizi wa zamu anayepiga simu kila baada ya dakika kumi kuuliza umeme utarudi lini. La tatu ni la wazee wa kazi wanaosema kwamba wao walijifunza bila mambo hayo yote na wapo hai. Wako hai, ndiyo. Waliojifunza vilevile na hawako hai hawakualikwa kwenye mjadala.

Kwa hiyo anayefikiria kuingia katika fani hii angefanya vyema kubadili maswali anayoyapeleka chuoni. Badala ya kuuliza kozi ni ya muda gani, aulize ni nani atakayemsimamia baada ya kozi, na msimamizi huyo ana wanagenzi wangapi kwa wakati mmoja. Aulize kuona daftari la mwanagenzi aliyemaliza mwaka jana. Aulize ni mara ngapi kwa mwaka wafanyakazi hurudia zoezi la uokoaji, na glavu atakazopewa zitapimwa wapi. Aulize pia, kwa adabu, ni nini kilimpata mwanagenzi wa mwisho aliyekataa kupanda kwa sababu hakuridhika na kibali cha kazi. Ukimya utakaofuata swali hilo la mwisho, au upesi wa jibu lake, utamweleza mengi kuliko kipeperushi chote cha chuo. Maswali mengine kuhusu afya, macho, leseni ya kuendesha magari makubwa, na uwezo wa kuamshwa usiku wa dhoruba na kuiacha familia, ni ya lazima lakini hayana utata. Kila tangazo la kazi huyataja.

Kwa upande wa wanaotoa leseni, mageuzi ninayoyaona kuwa ya haraka ni mawili, na hayahitaji fedha nyingi. Mtihani wa mwisho wa vitendo uwe na kosa lililopandwa makusudi: kibali chenye namba ya nguzo isiyolingana na iliyoko mbele ya mtahiniwa, au kifaa cha kupimia chenye betri iliyokufa, au swichi iliyofungwa bila kufuli. Mtahiniwa akisimamisha kazi na kueleza sababu, afaulu sehemu hiyo. Akiendelea, hata kama mafundo yake na ufungaji wake wa nyaya ni wa kupendeza, arudi kazini miezi sita. Na daftari la kazi litiwe saini na fundi msimamizi kwa jina lake na namba ya leseni yake, kwa masharti kwamba ikithibitika baadaye kuwa saa alizozitilia saini hazikuwa za usimamizi, leseni inayosimamishwa ni ya kwake. Mafundi wengi watakataa kusaini kwa masharti hayo, na waajiri watalalamika kwamba wamekosa wasimamizi. Hapo ndipo itakapolazimu kuwalipa wasimamizi kwa kufundisha, kuwapunguzia nguzo za siku, na kuwapa mwanagenzi mmoja kila mtu badala ya watano.